Kuipima Sauti ya Mhusika: Historia Fupi kutoka Maniema hadi Michezo ya Kompyuta

Kumpima mwigizaji wa sauti ni kazi ya sikio. Watu kadhaa wanapewa maneno yaleyale, kila mmoja anayasema kwa namna yake mbele ya kipaza sauti, na wachache wanaosikiliza huamua ni nani atakayempa mhusika uhai. Ugumu huongezeka mhusika anapokuwa kiumbe wa hadithi za sayansi: roboti, mgeni wa sayari nyingine, au kompyuta iliyokitawala chombo cha angani. Mzee wa kijiji katika mchezo wa redio anaweza kulinganishwa na wazee ambao msikilizaji amewahi kuwasikia. Kiumbe wa angani hana wa kulinganishwa naye, hivyo anayepima analazimika kwanza kuamua kiumbe huyo anapaswa kusikikaje. Katika Afrika ya Mashariki na Kongo kazi hii ina historia ndefu kuliko michezo ya kompyuta. Imepitia kwa watambaji wa hadithi, sinema za misheni, redio, vibanda vya video na studio za ng'ambo, na kila mahali swali lilikuwa moja: nani anayehukumu, na je, anaielewa lugha anayoihukumu?

Mashariki mwa Kongo mahakimu wa kwanza wa sauti walikuwa wasikilizaji wenyewe. Kampene ni mji wa migodi katika eneo la Pangi, jimbo la Maniema, kusini-mashariki mwa Kindu, na wenyeji wa nchi hiyo ni Walega. Kwao, na kwa jirani zao Wanyanga, tendi ndefu zilitambwa na mtu mmoja aliyebeba wahusika wote. Mtaalamu wa Kibelgiji Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walega katika miaka ya 1950, alirekodi mwaka 1956 utendi wa Mwindo kutoka kwa mtambaji Mnyanga aliyeitwa Candi Rureke, na pamoja na Kahombo Mateene akauchapisha mwaka 1969. Utambaji huo ulichukua siku kadhaa. Mtambaji aliimba, akacheza, akaigiza matendo ya shujaa, huku wasaidizi wakipiga ala na watu wakiitikia. Ndani ya utendi huo mna viumbe ambao hakuna aliyewahi kuwaona, likiwemo joka la majini na miungu wa chini ya ardhi na wa angani, na wote walitoka katika koo moja. Mtambaji hodari alijulikana kwa itikio la watu na zawadi walizomtunza; mbovu aliachwa akiimba peke yake.

Lugha ambayo baadaye ingebeba redio na sinema katika nchi hiyo iliingia kwa njia ya biashara. Kufikia mwaka 1871, msafiri David Livingstone alipofika Nyangwe kando ya mto Lualaba, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuweka makazi hapo. Kasongo ikawa ngome ya mfanyabiashara Tippu Tip na watu wake. Vita vya 1892 hadi 1894 kati yao na Wabelgiji viliondoa utawala wao, lakini Kiswahili kilibaki, na kikaendelea kama lugha ya masoko, ya askari na ya kambi za kazi, kikiitwa Kingwana. Migodi ilikikoleza zaidi. Wakati wa ukoloni kampuni ya Cobelmin ilichimba kasiteriti na dhahabu upande wa Kampene, na mwaka 1976 kampuni za migodi za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Wafanyakazi walitoka makabila mbalimbali, na katika kambi waliongea Kiswahili. Kwa hiyo sikio la mtu wa Kampene limelelewa na Kiswahili tofauti na cha Unguja, na tofauti hiyo inahusu moja kwa moja kazi ya kupima sauti, kama itakavyoonekana.

Sinema ilileta namna mpya ya kazi: sauti iliyotengwa na mwili. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ukigharimiwa kwa sehemu kubwa na shirika la Carnegie la Marekani, ulitengeneza filamu 35 hivi ukiwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Filamu zilipigwa bila sauti, kisha maelezo yakarekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, na santuri ikachezwa sambamba na picha. Gari la sinema lilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Pale ambapo santuri haikufaa au haikuwepo, mtu alishika kipaza sauti na kueleza papo hapo. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba sauti isiyofaa huiharibu picha nzuri, na kwamba maneno yaliyoandikwa ofisini hayawafikii watu mpaka apatikane msemaji anayejua kuongea nao.

Upande wa Kongo ya Kibelgiji kazi kama hiyo ilishikwa na mapadri. Baada ya vita vikuu vya pili, Padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza filamu Léopoldville, zikiwemo katuni za swala mdogo aitwaye Mboloko; Padri Albert Van Haelst alitengeneza Luluabourg vichekesho vya Matamata na Pilipili; na Padri Roger De Vloo aliendesha Africa Films huko Kivu. Filamu za namna hii zilioneshwa kwa hadhira za lugha nyingi, na mara nyingi mkalimani alisimama kando ya pazia akaeleza kinachotendeka. Aliyemchagua mkalimani alikuwa padri au ofisa, na vigezo vyake vilikuwa ufasaha, utii na tabia njema. Watazamaji nao walikuwa na vigezo vyao, kwa kuwa walicheka au walinyamaza kadiri msemaji alivyojua kuichezea lugha.

Redio ndiyo iliyoigeuza sauti kuwa ajira yenye usaili rasmi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na Zanzibar ikawa na Sauti ya Unguja katika kipindi hichohicho. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 27, 1957, na msomaji wa taarifa yake ya kwanza anatajwa kuwa Oscar Kambona, wakati huo mwanafunzi wa sheria mjini London, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Tanganyika. Kisa chake kinaonesha desturi iliyodumu: studio ya ughaibuni inapohitaji sauti ya Kiafrika, huanza kumtafuta mwanafunzi aliye karibu. Kwa upande wa lugha kipimo kilikwishawekwa. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa imekisanifisha Kiswahili juu ya msingi wa lahaja ya Unguja, na watangazaji walipimwa kwa kuukaribia msingi huo. Aliyesema kwa lafudhi ya bara alirekebishwa au alikosa nafasi.

Michezo ya redio ilikilegeza kipimo hicho, maana mhusika hawezi kuzungumza kama taarifa ya habari. Mfano unaojulikana sana ni Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993 ukifuata njia ya Miguel Sabido wa Mexico, aliyefundisha kwamba kila tamthilia ya elimu iwe na mhusika mwema, mhusika mbaya, na wale wanaoyumba katikati. Mbaya wa Twende na Wakati alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo. Watafiti walilinganisha maeneo yaliyousikia na eneo la Dodoma, ambako mtambo wa hapo ulirusha vipindi vingine hadi mwaka 1995, wakaona mabadiliko katika matumizi ya uzazi wa mpango. Kumpata mwigizaji wa mtu kama Mkwaju ni mtihani wa kweli wa upimaji. Sauti ikichukiza tangu neno la kwanza, msikilizaji hataelewa kwa nini wanawake wanamkubali. Ikipendeza kupita kiasi, somo linageuka. Anayefaa ni yule anayeweza kuvutia na kutia mashaka katika pumzi moja.

Kongo, baada ya vita vya 1996 na 1998, redio ilipata uzito mwingine. Radio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, ilianza kurusha matangazo Februari 25, 2002, kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, ikiwa na kituo Kindu miongoni mwa miji mingine. Katika muongo huohuo shirika la Kiholanzi La Benevolencija lilitoa mchezo wa redio wa Kiswahili uitwao Kumbuka Kesho kwa wasikilizaji wa mashariki ya nchi, ukihusu uhasama kati ya jamii. Katika mchezo wa namna hiyo lafudhi ni jambo la hatari. Msikilizaji wa Maniema au Kivu anaweza kukisia mtu anatoka wapi baada ya sentensi mbili, na mhusika mkorofi akipewa lafudhi ya kabila fulani, kabila zima litajiona limeshitakiwa. Mpimaji wa sauti anapaswa kuuliza maneno yametamkwaje, na vilevile yatasikika kuwa ni ya nani.

Wakati redio ikipima sauti studioni, vibanda vya video vilizipima kwa kiingilio. Katika miaka ya 1980 na 1990 kanda za filamu za Hong Kong, India na Marekani zilienea katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki, na wakazuka wafasiri walioeleza filamu nzima peke yao. Tanzania wa kwanza kupata jina kubwa alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Uganda wakaitwa VJ, na Kenya DJ Afro akawa maarufu kwa kutia utani wa mtaani katika filamu za mapigano. Hadithi za sayansi nazo zilipita mikononi mwao. Roboti muuaji au mgeni kutoka anga za mbali alisemeshwa Kiswahili au Kiganda na mtu mmoja aliyekuwa pia sauti ya shujaa, ya mama yake na ya polisi. Hakuna usaili uliofanyika. Mfasiri asiyefaa alipoteza wateja, na kanda zake hazikunakiliwa tena. Kama enzi za mtambaji wa utendi, hakimu alikuwa msikilizaji anayeijua lugha.

Kisa kinachoihusu zaidi Afrika Mashariki katika uigizaji wa sauti za hadithi za sayansi kilitokea Marekani, na kanuni yake ilikuwa kinyume kabisa. Katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1983, Return of the Jedi, Lando Calrissian anarusha chombo cha Millennium Falcon pamoja na rubani msaidizi Nien Nunb, kiumbe mwenye macho makubwa meusi na mashavu yaliyoning'inia. Alikuwa kinyago kilichoendeshwa kwa mikono, na sauti yake ilitoka kwa Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani. Maneno yake ni ya lugha za Afrika Mashariki: Kihaya cha Kagera ndicho kinachotajwa zaidi, na Kikuyu pia. Mbuni wa sauti wa filamu hizo, Ben Burtt, alikuwa na mazoea ya kutumia lugha halisi. Lugha ya viumbe walioitwa Wajawa katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1977, aliijenga kwa kuchukua Kizulu kama kielelezo na kuiharakisha sauti. Lugha ya viumbe wengine, Waewoki, alianza kuiunda kutokana na sauti ya bibi mzee wa jamii ya Wakalmyk. Lugha halisi ina mdundo na mpangilio ambao mtu hawezi kuubuni kwa urahisi, na mtazamaji asiyeijua huusikia mpangilio huo bila maana yake.

Kwa kipimo cha Burtt, sauti ya Rotich ilifaa: ilikuwa na joto, ilikwenda kasi, na ilisikika kama mazungumzo ya kweli kati ya marubani wawili. Kwa watazamaji waliozijua lugha hizo, kiumbe wa sayari ya mbali alikuwa akisema maneno ya nyumbani, na wakafurahi kwa sababu ambayo studio haikuikusudia. Rotich aliitwa tena kumsemea Nien Nunb katika filamu ya mwaka 2015, The Force Awakens. Kisa hicho kinafundisha kwamba usaili mmoja unaweza kuwa na mahakimu wawili wasiokutana: mmoja anasikia mlio, mwingine anasikia neno. Anayepima kwa mlio pekee hawezi kujua kama mwigizaji amesema jambo la maana, amechekesha au ametukana.

Michezo ya kompyuta ilianza bila waigizaji kabisa. Mwaka 1980 mchezo wa Berzerk ulikuwa na roboti waliomtishia mchezaji kwa sauti iliyotengenezwa na saketi, wakiwa na maneno 30 hivi. Mwaka 1983 mchezo wa anga Sinistar ulitumia sauti ya John Doremus, mtangazaji wa redio wa Chicago, ikatoka kama ngurumo ya jitu. Diski za CD zilipoleta nafasi ya kutosha, uigizaji ukawa kazi ya kudumu. Kompyuta mwovu SHODAN wa System Shock, mchezo wa mwaka 1994, alisemewa na Terri Brosius, mwanamuziki wa bendi ya Tribe, na mafundi wakaikatakata sauti yake na kuipandisha na kuishusha. Mwaka 2007 mwimbaji wa opera Ellen McLain alimsemea GLaDOS wa mchezo wa Portal, akianza kwa kuiga namna kompyuta inavyosoma maandishi. Uteuzi wa waimbaji kwa wahusika wa mashine una sababu yake: wamezoea kushika noti bila kutikisika, na sauti iliyotulia humwachia fundi nafasi ya kuiharibu kwa makusudi.

Kiswahili nacho kiliingia katika michezo hiyo, kwa njia mbili zisizolingana. Mwaka 2005 Christopher Tin alitunga Baba Yetu, sala ya Bwana kwa Kiswahili, iwe wimbo wa kufungulia Civilization IV. Mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Mwaka 2009 kampuni ya Kijapani Capcom ilitoa Resident Evil 5, ambamo maadui walioitwa Majini, wakazi wa eneo la kubuni la Afrika walioambukizwa vimelea, wanapiga kelele kwa Kiswahili. Mchezo huo ulilaumiwa kwa jinsi ulivyowachora Waafrika. Kwa wachezaji wengi duniani kelele hizo ni vitisho tu; kwa anayejua Kiswahili ni sentensi zenye maana. Pengo ni lilelile la Nien Nunb, lakini safari hii halikufurahisha.

Usaili wa mhusika wa mchezo unavyoendeshwa leo una hatua zinazofanana karibu kila mahali. Kwanza huandikwa maelezo ya mhusika: umri, asili, anachokitaka, anachokiogopa, na kama sauti itabadilishwa kwa mitambo. Kisha huchaguliwa vipande viwili au vitatu vifupi vyenye hali tofauti, kwa mfano amri, siri na hofu. Mwigizaji hujitaja jina, husoma, na mara nyingi hutuma rekodi mbili zenye tafsiri tofauti za mhusika. Wapimaji makini husikiliza bila kuona jina wala sura, kwa kuwa mchezaji hatamwona mwigizaji. Wanaobaki huitwa mara ya pili na kuelekezwa: sema polepole, punguza hasira, sema kana kwamba umeshasema maneno haya mara elfu. Hatua hiyo ndiyo inayoamua, sababu studio inahitaji mtu anayebadilika akielekezwa, na rekodi nzuri ya nyumbani haioneshi hilo.

Mchezo una mahitaji ambayo filamu haina. Sentensi hurekodiwa moja moja nje ya mfuatano, mwigizaji akiwa peke yake, na jibu moja hulazimika kuoana na maswali mengi. Vikelele vya kupigwa, kuanguka, kukosa hewa na kufa hurekodiwa kwa wingi, na koo lisilofunzwa huumia. Kwa hiyo mpimaji husikiliza pumzi, uthabiti wa sauti kutoka sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, na uwezo wa kupaza bila kukwaruza. Kwa roboti husikiliza sauti mbichi, kabla ya mitambo, maana mitambo huficha kasoro ndogo lakini haiwezi kutia nia mahali isipokuwepo.

Chukua sentensi moja ya chombo cha angani kilichotoboka: "Usifungue mlango huo, hewa imekwisha." Msemaji wa Kampene angesema, "Usifungule ule mulango, hewa iliisha." Sentensi zote mbili zinaeleweka, na kila moja inamleta mtu mwingine. Ya kwanza inafaa kompyuta rasmi ya chombo. Ya pili inafaa fundi aliyekulia kwenye mashimo ya kasiteriti na sasa anachimba kwenye asteroidi. Mwigizaji wa Dar es Salaam akipewa nafasi ya fundi huyo akaigiza lafudhi ya Kongo kwa kubahatisha, msikilizaji wa Maniema atamtambua mara moja, hata kama wapimaji wote wamempa alama za juu. Kwa sababu hiyo jopo la kupima Kiswahili huhitaji angalau mtu mmoja anayekijua Kiswahili cha mhusika husika, na neno lake kuhusu lugha lisiweze kupigiwa kura.

Usaili wa wazi wa sauti za Kiswahili umekua pamoja na kazi ya kuingiza sauti katika tamthilia za kigeni. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionesha tamthilia ya Kichina kuhusu maisha ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingizwa Kiswahili, na Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes iliendesha Tanzania shindano la kutafuta sauti za kuingiza Kiswahili, na washindi wakapata nafasi ya kwenda kufanya kazi Beijing. Dar es Salaam kwenyewe, katuni za elimu za Ubongo, zilizoanza kurushwa mwaka 2014, zimewazoesha watoto kusikia wanyama na viumbe wa kubuni wakizungumza Kiswahili kilichoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Suala jipya ni mashine zinazoiga sauti ya mtu. Chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, kiligoma dhidi ya kampuni za michezo mwaka 2016 na 2017, malalamiko yakiwemo malipo ya ziada, kuumia koo, na kufichwa jina la mchezo na nafasi anayoombwa mwigizaji. Kikagoma tena Julai 2024, safari hii juu ya akili bandia, na mkataba mpya uliothibitishwa mwaka 2025 ukaweka masharti ya ridhaa na malipo kabla ya kutumia nakala ya sauti. Kwa waigizaji wa Kiswahili, ambao wengi hurekodi bila chama wala mkataba mrefu, jambo hilo linagusa usaili wenyewe: rekodi iliyotumwa kwa majaribio inatosha kuifundisha mashine. Masharti ya usaili wa haki sasa yanahusu pia kile kinachotokea kwa rekodi za walioshindwa, kama zinafutwa au zinahifadhiwa, na kwa ruhusa ya nani.